Siku Moja ya Kufunga Uwanja

Nyumba za Wafanyakazi, Chumba cha 9
4 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko, wewe na wifi na watoto? Mimi mzima. Goti la kushoto bado linatabiri mvua, na mwaka huu limepatia kuliko redio. Mwambie wifi kitambaa alichonitumia kimefika na nimekishona pazia, kwa hiyo asiniulize gauni limenikaaje.

Kazini ni mashuka tu, kama unavyojua. Wagonjwa wakiwa wengi tunafua, wakipungua tunafua waliyoyaacha. Ile mashine kubwa ya kukausha imekufa tena. Fundi anasema anasubiri kipuri, maneno ambayo nimeyasikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Yule bwana mwenye maghala, aliyejenga ukuta mrefu nyuma ya kituo cha mafuta, ameniandikia. Anataka kuununua uwanja. Anasema amekufuata dukani mara kadhaa na kila akifika unakuwa umetoka kidogo. Nimjibu nini? Hati ina majina yetu sote wawili tangu baba alipofariki, na bila sahihi yako sahihi yangu ni pambo. Kwa upande wangu sina kipingamizi. Nimelifikiria vya kutosha. Niambie wewe unasemaje.

Ningepiga simu kwa jirani yako mwenye duka la vyombo, lakini huyo husikiliza, halafu hutoa maoni.

Dada yako


Dukani
29 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na tumefurahi kwamba goti linafanya kazi. Sisi wazima isipokuwa wifi yako, ambaye jino lilimsumbua, akaenda kung'oa, na mng'oaji akaanza na jino lililo jirani nalo. Sasa anatafunia upande mmoja na kulaumu ukoo wangu wote kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka.

Duka linakwenda. Watu wameingiwa na mtindo wa kununua makufuli ya rangi rangi barabarani, na kabla mwezi haujaisha wananiletea niyavunje. Kufungua kumekuwa biashara kuliko kufunga. Sijui baba angesema nini, yeye aliyenipeleka kujifunza ufundi huu akiamini kwamba wezi hawataisha.

Jumamosi tulicheza na wale wa kiwanda cha sabuni tukatoka sare. Unajua uwanja wetu ulivyo, maji ya mtaa mzima yanatukimbilia sisi. Kipindi cha pili mpira ulikuwa unaelea. Refa akauliza kama hatuna uwanja mwingine. Kiwiko, mweka hazina wetu, yule beki wa zamani ambaye unajua jina hilo alilipataje, akamjibu kwamba tungekuwa nao tungekuwa tumeshauzamisha pia. Mimi kama mwenyekiti nilimwomba refa radhi, naye akaniomba taulo.

Mengine tutaandikiana. Nafasi imekwisha.

Mdogo wako


Kwa Mwuza Dawa, chumba cha nyuma
10 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na pole nyingi kwa wifi. Mwambie atafunie upande ule ule hadi upande wa pili uone wivu.

Unasema nafasi ilikwisha. Nimeigeuza karatasi yako: upande wa nyuma ni mtupu kabisa, ungeweza kuandika humo na bado ukabakiwa na pa kuchora mpira unaoelea. Nimezoea kukuona ukiwapiga wengine chenga. Mimi nilikufunga nepi, chenga zako nazijua kabla hujazikata.

Nauliza tena. Uwanja tunauuza au hatuuuzi? Ni shimo, ndugu yangu. Baba alichimba udongo akaacha mwanya ardhini, na kwa bahati njema ametokea mtu anayetaka kununua mwanya. Mimi umri unakwenda. Nina sababu zangu, na hazihusiani na timu, ambayo naitakia mema na sijawahi kuitazama ikicheza mpaka mwisho.

Nijibu hilo tu. Mvua nitaisikia redioni.

Dada yako


Dukani
2 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kwanza nilikuwa na mafua, halafu mafua yakahamia kwa watoto, halafu nikawa sina sababu.

Ninaona barua yako imetoka kwa mwuza dawa. Wifi yako ameuliza kama umehamia huko au ulikwenda kununua dawa ukaandikia kaunta. Nimemwambia hujasema.

Kuhusu uwanja. Unasema ni shimo, na mimi sikatai. Lakini wewe uliondoka mapema, kwa hiyo nikukumbushe shimo gani. Baba alipoanza matofali pale palikuwa tambarare. Walichimba mpaka udongo mzuri ukaisha, na wakati huo vibarua walikuwa wameshazoea kucheza mpira chini kule saa ya chakula. Kazi ilipofungwa baba hakuwa na mshahara wa kuwapa, hakuwa na matofali ya kuwapa, akawaachia pa kuchezea. Ndiyo timu. Kuta za shimo ndizo majukwaa yetu, watu wanakaa kwenye ngazi zilizochimbwa kwa sepetu. Mtu akibutua mpira nje, unarudi wenyewe. Tanuri la zamani ndilo chumba cha kubadilishia nguo na bado linatoa masizi. Wageni wetu hutoka mle weusi mgongoni kabla mechi haijaanza. Sisi tunajua pa kutoegemea.

Na siku ya mzee bado tunaiheshimu. Jumatatu ya kwanza ya Februari, kama alivyofanya yeye miaka yote: lango linapigwa kufuli, kiti kinawekwa katikati ya uwanja, mtu mmoja anakaa na gazeti mpaka jua lizame, na mwingine yeyote haingii, awe nani. Tangu tumzike baba hatujaikosa. Mwaka huu alikaa Kiwiko. Mvua ilimnyeshea, hakuinuka, gazeti likamwishia mikononi. Jioni alipotoka watu walimpigia makofi. Hakuna aliyewahi kutueleza baba alikuwa na nadhiri gani, lakini aliyekufa haulizwi.

Yule bwana mwenye maghala alikuja na kijana wa kupima akiwa na kamba. Wanachama waliokuwa jukwaani wakamwambia anaweza kupima, ila kamba itabaki. Akaenda zake.

Kwa hiyo unaona hali ilivyo.

Mdogo wako


Kwa Mwuza Dawa, chumba cha nyuma
15 Juni

Mdogo wangu,

Habari za mafua? Huku ni jua. Mwambie wifi kaunta ya mwuza dawa ni nzuri kuandikia, iko usawa wa kiwiko.

Nimesoma historia. Nimecheka pale kwenye nadhiri. Mnakaa kwenye kiti, mnanyeshewa, mnapigiana makofi, na hamjui mnafanya nini? Baba hakuwa na nadhiri yoyote. Aliniambia mwenyewe, nikiwa napiga pasi mashati yake pale sebuleni. Bwana mmoja wa ofisi ya ardhi alikuwa amemwonya kwamba mtu akiacha watu waingie na kutoka kwenye ardhi yake mwaka nenda mwaka rudi bila kuwazuia, ipo siku watasema ni yao na itakuwa kazi kuwatoa. Basi akachagua siku moja ya kuwazuia, ili kila mtu aone mwenye mali ni nani. Alichagua Jumatatu kwa sababu hakuna mechi, na Februari kwa sababu alikuwa hana kazi nyingine. Gazeti lilikuwa la kupitisha muda.

Kwa hiyo kila mwaka mnaadhimisha kufukuzwa kwenu. Mwambie Kiwiko. Mwambie taratibu.

Lakini umeniambia historia hujaniambia jibu. Nimemwandikia bwana mwenye maghala kwamba kwa nusu yangu nakubali. Atamtuma wakili wake aje aone mahali na aongee nawe. Mpokee vizuri, mpe kiti, na usiwe umetoka kidogo.

Dada yako


Dukani
9 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na wifi yako ameanza kutafunia pande zote mbili. Wakili amekuja. Sikuwa nimetoka.

Ni mama wa makamo, mpole, amevaa miwani minene na viatu visivyofaa shimoni. Nilimpa kiti. Ilikuwa siku ya mazoezi, kwa hiyo wanachama walikuwepo, na walipoona kiti kimetolewa wakaja wote langoni kuona anakaa nani. Mama mfua jezi alikuja na beseni lake. Nakuandikia maneno kama yalivyosemwa, maana najua nikifupisha utasema nimekata.

Wakili alianza na lango. Akaliangalia kufuli, akauliza, "Hili huwa linafungwa na nani?"

"Na sisi," akasema Kiwiko.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ruhusa ya nini, mama? Lango si letu?"

"Na hiyo siku ya kufunga, ninayoisikia kwa kila mtu tangu nishuke kwenye basi?"

"Ya mzee. Hapo haingii mtu."

"Hata mwenye hati?"

"Mwenye hati huyu hapa," Kiwiko akanionyesha kwa kidevu. "Mwaka juzi alisahau kofia yake ndani. Alingoja nje mpaka jioni kama watu wengine."

Wakili akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikasema kofia ilikuwa yangu.

"Na mwenzake? Yule dada?"

Hapo mama mfua jezi akatua beseni. "Dada yake tulimzuia palepale ulipo. Mwaka uliofuata msiba, alikuja kusalimia, akataka kuingia kutazama. Kiwiko akamwambia leo hakuna, dada, hata wewe. Akacheka, akaja kwangu kunywa chai."

"Hakulalamika?"

"Alilalamika chai ina sukari nyingi."

Wakili akaandika kidogo, kisha akaacha kuandika. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeamuru lango lifungwe kila mwaka baada ya baba. Nikamwambia kamati. Akauliza mwenyekiti wa kamati ni nani. Nikamwambia. Akauliza kufuli limetoka wapi. Nikamwambia limetoka dukani kwangu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena akaniangalia upya, kana kwamba mara ya kwanza hakuniona vizuri.

Akaeleza hivi. Sheria humtazama anayefanya mambo ya mwenye mali: anayefungua, anayefunga, anayeamua nani aingie. Akiyafanya miaka mingi, mchana kweupe, na mwenye hati akaona akanyamaza, hati hubaki karatasi. Baba alipofunga lango alikuwa analinda mali yake dhidi ya timu. Timu ilipolifunga ikamzuia mwenye hati, na mwenye hati akaenda kunywa chai, lango likawa linalinda mali ya timu dhidi yetu. Alisema atamshauri mteja wake asinunue ardhi ambayo itabidi akaigombanie mahakamani na mtaa mzima.

"Kwa hiyo uwanja ni wetu?" Kiwiko akauliza.

"Sijasema hivyo. Nimesema si rahisi kusema si wenu."

Kiwiko amekwenda na sentensi hiyo mtaani kama amebeba kombe. Mimi nilimsindikiza wakili mpaka kituoni. Viatu vyake vimeharibika.

Nimekuandikia yote.

Mdogo wako


Kwa Mwuza Dawa, chumba cha nyuma
20 Julai

Mdogo wangu,

Nawasalimu wote.

Bwana mwenye maghala ameniandikia mistari mitatu. Amejitoa. Ananitakia afya njema.

Sasa nikuambie kwa nini nilikuwa na haraka, ingawa nilikusudia usijue. Unga umemwagika. Hospitali imeipa kampuni kazi ya kufua. Mashuka siku hizi yanachukuliwa na gari na kurudishwa yakiwa yamekunjwa vibaya. Nilipokuandikia Machi kuhusu mashine ya kukausha, mashine ilikuwa imeshauzwa vyuma chakavu na mimi nilikuwa nakaa tu chumbani nikisubiri siku ya kutolewa. Nyumba za wafanyakazi ni za wafanyakazi. Mwuza dawa ni mtu mwema, amenipa chumba chake cha nyuma, na ndani yake kuna maboksi ya dawa ya kikohozi mpaka darini. Nikikohoa nahisi naiba. Mlango wake unafungwa kwa nje, kwa sababu ulijengwa kuwa stoo. Nilitaka nusu yangu ya uwanja ili ninunue chumba chenye mlango wangu. Hicho tu. Sikuwa nataka ghorofa.

Ninalo swali moja. Siku baba aliponieleza ile habari ya ofisi ya ardhi nilikuwa napiga pasi sebuleni, nimempa mgongo. Sikumbuki kama wewe ulikuwa chumbani. Ulikuwa umeanza kujifunza ufundi, na kawaida yako ulikuwa unakaa chini karibu na dirisha ukilichokonoa kufuli bovu, husemi kitu. Ulikuwepo au hukuwepo? Ulipoanza kufunga lango kwa niaba ya kamati, ulijua maana yake?

Usiniandikie habari za mechi.

Dada yako


Dukani
3 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole sana. Wifi yako alipoisoma barua yako alikaa chini. Anasema ungesema tangu Machi, na anasema maneno mengine ambayo hayakuhusu wewe, yananihusu mimi. Chumba kipo hapa kwetu. Kina mashine ya kuchongea funguo lakini itahamishwa. Mlango wake unafungwa kwa ndani, nimeujaribu.

Swali lako nimelisoma. Wiki hii nimekuwa na kazi ya kabati la chuma la shule, ufunguo ulivunjikia ndani na mitihani ya watoto imo humo. Walimu wamesimama mlangoni siku nzima wakinitazama mikono. Ni kazi inayotaka akili itulie.

Nitakalosema ni hili. Wewe ulijua maana ya siku ile tangu mwanzo. Baba alikuambia wewe, hakutuambia sisi. Ukaja, ukasimama langoni kwako mwenyewe, ukazuiwa, na wewe peke yako pale ulijua kinachofanyika. Ukacheka ukaondoka. Sikuandikii ili kukulaumu. Naandika kwa kuwa wakili aliniuliza njiani kwenda kituoni, na hilo sikukuandikia, kama wewe ulijua, nikamwambia sijui.

Njoo ukae kwetu.

Mdogo wako


Dukani
14 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujajibu, kwa hiyo naandika tena bila kungoja zamu yangu. Mwuza dawa ameniambia kwa simu ya jirani kwamba u mzima na unamsaidia kupanga maboksi. Jirani ameongeza kwamba sauti ya mwuza dawa ni ya mtu anayekuhofia kidogo.

Tumefanya mkutano wa wanachama. Nilijiuzulu uenyekiti asubuhi ya siku hiyo, kwa sababu Kiwiko alisema siwezi kukaa pande mbili za meza, na kweli meza yetu ni nyembamba. Yeye ndiye anayekaimu. Ajenda ilikuwa moja: dada wa fundi kufuli hana pa kukaa, na uwanja ambao sasa si rahisi kusema si wetu ulikuwa nusu yake.

Mzee mmoja wa jukwaa la juu akasema tusilete hisia, alikuja akazuiwa akacheka, basi. Mama mfua jezi akasimama. "Alicheka kwa sababu ni mtu mzima mwenye adabu. Ningekuwa mimi nimezuiwa kwenye shamba la baba yangu na mtu anayeitwa Kiwiko, mngenisikia mpaka kwenye kituo cha mafuta."

"Mimi nilitumwa na kamati," Kiwiko akasema.

"Ulitumwa kufunga lango. Hukutumwa kufurahia."

Wakabishana sana, na sitaandika yote kwa sababu mengine ni mabaya. Mwisho walikubaliana hivi. Pale juu karibu na lango, kilipokuwa kibanda cha baba cha kuuzia matofali, kuna kipande cha ardhi ambacho hakiingii maji na hakichezewi. Kipande hicho ni chako, kwa hati yako mwenyewe. Timu itakujengea vyumba viwili. Nawe utasaini kwamba hudai sehemu iliyobaki. Mimi nimeshasaini kwamba sidai yangu, na sipewi kipande.

Hazina ya timu unaijua, ina Kiwiko na sanduku. Kwa hiyo mwezi huu wote kiingilio cha mechi ni tofali. Mtu mzima tofali moja, mtoto nusu. Jumamosi iliyopita lilizuka zogo langoni: mtu kaja na mke na tofali moja lililovunjika katikati, akidai ni nusu mbili, yaani watoto wawili, na kwamba yeye na mkewe kwa akili ni watoto. Kiwiko akawapitisha. Wiki hii yamekuja matofali mazuri, ya aina moja, mengi kuliko watazamaji. Nilipokwenda dukani nikaona ukuta wa yule bwana mwenye maghala umepungua urefu nyuma ya kituo cha mafuta. Nimemweleza Kiwiko. Amesema kamati haikuuliza mtu tofali lake limetoka wapi, kama vile isivyouliza sarafu. Nimemwambia amrudishie mwenyewe. Analifikiria.

Kuta zimefika usawa wa dirisha. Fundi mwashi anauliza dirisha litazame wapi.

Karatasi ya kusaini nimeiweka humu. Isome kwanza. Usisaini kwa hasira wala kwa kunihurumia.

Mdogo wako


Kwa Mwuza Dawa, chumba cha nyuma
30 Oktoba

Mdogo wangu,

Habari za nyumbani? Mimi mzima. Wifi asijisumbue kuhamisha mashine, sitakaa kwenu isipokuwa wiki ya kwanza, paa likiwa bado. Mwuza dawa amehuzunika kwamba naondoka, lakini amehuzunika kwa kiasi. Amenipa chupa za kikohozi za njiani.

Karatasi nimeisoma, nikaiweka chini ya mto, nikaisoma tena. Nilikaa nayo muda mrefu kwa sababu kila nilipotaka kusaini niliona nanunua kilichokuwa changu, na kila nilipotaka kuichana nilisikia mtu akifungua kitasa kwa nje kuja kuchukua maboksi. Nimesaini. Imo humu ndani, uthibitishe sahihi mbele ya wakili yule yule, na mlipe viatu vyake.

Mwambie Kiwiko matofali ya ukuta wa watu yarudi ukutani. Sitaki kulala ndani ya maghala ya mtu. Kama yameshajengwa, mmwendee bwana huyo mmwambie ukweli na mumpe kiti kila Jumamosi mpaka aridhike. Mwambie pia mama mfua jezi kwamba nashukuru kwa aliyoyasema, na nikifika nitamwonyesha jinsi ya kutoa masizi kwenye kitambaa cheupe, maana nina hakika anayasugua, na masizi hayasuguliwi.

Dirisha litazame barabarani. Mpira nitausikia, inatosha.

Umenikumbusha kwamba nami nilijua nikacheka. Ni kweli, na nimelikalia hilo tangu Agosti. Sikumbuki nilicheka nini. Nadhani niliona mnampenda baba kuliko nilivyodhani, nikaona aibu kuharibu. Sikufikiria sheria. Nilifikiria chai.

Lakini mimi nimejibu swali lako, na wewe langu umelizunguka na kabati la shule. Nimesoma barua zako zote upya, kuanzia ya mvua. Mtu ambaye hakujua angeshtuka wakili alipoeleza. Umeniandikia kofia, miwani, viatu, beseni, kila kitu kilichokuwepo pale. Hukuandika kwamba ulishtuka.

Usinijibu tena. Tutakuwa majirani, nami sitaki kila asubuhi nikifungua mlango nikutane na jibu. Timu ina uwanja, mimi nina vyumba viwili, na wewe huna kitu, kwa sahihi yako mwenyewe. Hilo nimeliona pia. Naliheshimu, japo bado nimekasirika, na nitaendelea kukasirika kwa muda nitakaoupanga mwenyewe.

Basi la Jumanne. Njoo na toroli, nina cherehani.

Na mlango wangu mwambie fundi seremala aache tundu tupu. Kufuli nitakuja nalo mimi. Nimelinunua huku, kwa fundi asiyetujua.

Dada yako